Kumkata mtu intaneti au kuiondoa kazi iliyoibwa: msanii wa Nairobi achague lipi?

Mwezi uliopita tulikutana wanamuziki, wapiga picha na waigizaji kama thelathini katika ukumbi mmoja karibu na River Road, tuandae maoni yetu kuhusu sheria ya hakimiliki. Mzee mmoja wa benga, ambaye nyimbo zake nimezisikia tangu utotoni, alisimama akasema: "Hawa wanaopakua kazi zetu bure wakatiwe intaneti. Mara ya kwanza onyo, ya pili onyo, ya tatu wakatwe. Watajua hawajui." Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mimi sikupiga. Tulipotoka, dada mmoja tunayeimba naye kwaya aliniuliza kwa uchungu, "Kwani wewe uko upande wa nani?"

Niko upande wa msanii. Natunga nyimbo, na najua inavyouma kukuta wimbo uliokukosesha usingizi umepakiwa na mtu usiyemjua, picha ya mbele ikiwa yake na jina lako halipo. Lakini pia mimi ndiye ninayesimamia waifai ya ploti yetu hapa Zimmerman: nyumba 24, laini moja, akaunti moja, na jina lililo kwenye akaunti ni langu. Kwa hiyo swali la dada yangu halikunitoka kichwani. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa msanii yeyote atakayeletewa karatasi ya maoni ya Bunge aitie sahihi.

Njia zinazozungumzwa ni nne. Ya kwanza ni kumkata mtumiaji intaneti baada ya tuhuma kadhaa. Ya pili ni kuiondoa kazi yenyewe pale ilipowekwa, na hiyo ndiyo iliyomo katika sheria yetu tangu 2019. Ya tatu ni mahakama kuamuru tovuti nzima ifungwe, na ya nne ni kumtoza faini mtumiaji. Nitakaa zaidi kwenye mbili za kwanza, kwa sababu ndizo zilizotugawanya ukumbini.

Zinavyofanya kazi

Kwenye njia ya kukata, kampuni zinazowakilisha wenye kazi huingia katika mitandao ya kugawana faili na kuorodhesha anwani za IP zinazoonekana humo, yaani zile tarakimu zinazoitambulisha laini mtandaoni. Orodha hupelekwa kwa mtoa huduma za intaneti, naye humtumia onyo mwenye akaunti. Maonyo yakifika idadi fulani, mara nyingi matatu, akaunti inafungwa. Katika sura yake ya awali, njia hii haikuwa na hakimu popote. Tuhuma zilijumlishwa tu mpaka zikawa hukumu.

Njia ya kuondoa haimgusi mtumiaji. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, ilivyorekebishwa 2019, ina vifungu 35A hadi 35D. Mwenye kazi anaandika notisi akieleza kazi ni ipi, haki ipi imevunjwa na kazi hiyo iko kwenye kiungo gani, na anaambatisha hati ya kiapo au ushahidi mwingine wa umiliki. Mtoa huduma anampa nakala yule aliyeiweka kazi hiyo. Asipoleta notisi ya kupinga, kazi inafungiwa ndani ya saa 48 za kazi. Anayeandika notisi ya uongo au ya hila anatenda kosa la jinai: faini ya hadi Sh500,000, au kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili. Naomba msomaji akikumbuke kipengele hiki. Kinamlazimu anayelalamika kusimama nyuma ya neno lake.

Nani anathibitisha kwamba kosa limetendeka?

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana kabisa. Ukitaka kazi iondolewe, unachothibitisha ni kitu kinachoonekana. Wimbo upo pale, kiungo kinafunguka, yeyote anaweza kuusikiliza na kuulinganisha na rekodi yako. Ukitaka mtu akatwe, unathibitisha kwamba mtu fulani alifanya jambo fulani, na ushahidi wako ni anwani ya IP. Anwani ya IP si mtu.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha jinsi ushahidi huu ulivyo mwepesi. Walifanya anwani za mashine ambazo hazikuwa zimepakua wala kugawa faili yoyote zionekane kwenye mitandao ya kugawana faili, kisha wakasubiri. Malalamiko ya hakimiliki yalikuja. Miongoni mwa mashine zilizolalamikiwa zilikuwa printa. Printa haisikilizi muziki.

Sasa lilete jambo hilo Nairobi. Kwenye ploti yetu mvulana wa nyumba ya tatu akipakua filamu Jumatatu, mgeni wa ghorofa ya tano akapakua albamu Jumatano, na kijana wa ng'ambo ya barabara aliyeipata paswadi akafanya lake Ijumaa, tayari ni maonyo matatu. Yote yatakuja kwangu, na nyumba zote 24 zitakatwa. Saiba za Kayole na Githurai ziko vivyo hivyo, pamoja na hosteli za wanafunzi na yule mama wa Pipeline anayewauzia majirani waifai ya shilingi ishirini. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje kwa wakati mmoja, kwa sababu anwani za aina ya zamani hazitoshi. Kila mtu ana laini yake, lakini anwani inayoonekana nje ni ya umati.

Ufaransa walikutana na jambo hili mahakamani. Mwaka 2012 mwanamume mmoja alitozwa faini ya euro 150, akiwa wa kwanza kuhukumiwa chini ya sheria yao ya maonyo. Aliyepakua nyimbo, za Rihanna, alikuwa mke wake ambaye walikuwa wakitalikiana. Mke alikiri. Mume akaadhibiwa hata hivyo, kwa kosa la kutoilinda laini iliyokuwa kwa jina lake. Kila nikiisoma kesi hiyo naiona akaunti yangu.

Katiba yetu ya 2010 ina msimamo juu ya mambo haya. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 47 kinataka uamuzi wa kiutawala uwe wa haki katika utaratibu wake, na anayeumizwa nao apewe sababu kwa maandishi. Najua mwenzangu atanikumbusha Kifungu cha 40(5), kinachoiagiza Serikali iunge mkono na kulinda haki za ubunifu za Wakenya. Nakipenda kifungu hicho, kimeandikwa kwa ajili yetu. Lakini hakifuti hivyo vingine, na Kifungu cha 24 kinataka haki ikiwekewa mpaka, mpaka huo uwe wa kadiri, na njia isiyoumiza sana izingatiwe kwanza. Njia hiyo tayari tunayo: kuiondoa kazi.

Kukatwa kunamaanisha nini katika mji huu

Walioanzisha wazo hili waliiona intaneti kama televisheni ya kulipia: usipofuata masharti, unazimiwa. Pengine zamani hizo ilifanana na ukweli. Kwetu leo haifanani kabisa.

Mwaka jana mashine ya kuchimba barabara ilikata waya wa faiba unaoleta laini yetu. Tulikaa siku nne bila huduma, mwishoni mwa Juni. Jirani yangu wa ghorofa ya pili alikuwa hajawasilisha ritani yake kwenye iTax, na mwisho ni tarehe 30 Juni. Msichana wa nyumba ya kumi na moja alikuwa na kazi ya chuo ya kupakia usiku ule. Kijana anayeandika maelezo ya video kwa wateja wa nje alipoteza kazi ya wiki nzima, na nilimwona akihesabu sarafu za nauli aende kutafuta intaneti mjini. Mama mmoja alitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto kupitia eCitizen. Wenye pesa walinunua bando. Wasio nazo walikaa tu. Ilikuwa ajali, hakuna aliyeshtakiwa kwa lolote, na bado siku nne ziliwaacha watu na majeraha. Sasa fikiria miezi sita kwa ajili ya wimbo ambao huenda umepakuliwa na mtu asiyeishi humo.

Mwaka 2011 Frank La Rue, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu uhuru wa kujieleza, aliliandikia Baraza la Haki za Binadamu kwamba kuwakatia watu intaneti kwa sababu yoyote, hata ya kuvunja sheria za hakimiliki, ni adhabu iliyopita kiasi na inakiuka mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo.

Kuna jambo jingine, na hili nawaambia wasanii wenzangu kwa mapenzi: sisi ndio tunaoishi kwa intaneti hiyo. Nyimbo zetu zinasikilizwa huko, wateja wa arusi wanatupata huko. Unapomkata mtu mmoja Zimmerman unawakata wasikilizaji wako.

Walioijaribu wakafika wapi?

New Zealand ilipitisha kifungu cha 92A mwaka 2008. Kilimtaka kila mtoa huduma awe na utaratibu wa kufunga akaunti za wanaorudia kuvunja hakimiliki, bila kueleza ni nani ataamua kwamba mtu amevunja. Kilikuwa kianze mwisho wa Februari 2009. Mwezi huo watu wakageuza picha zao mtandaoni kuwa nyeusi tupu. Waliobeba bendera ya upinzani huo walikuwa wasanii wenyewe, chini ya Creative Freedom Foundation, wakisema hawataki watu waadhibiwe kwa tuhuma kwa jina lao. Nilipolisoma hilo nilitamani mzee wetu wa benga angekuwepo alisikie. Kifungu kiliahirishwa, kisha Machi kikatupwa.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Bunge lake lilipitisha sheria ya 2009 iliyoipa mamlaka iitwayo HADOPI uwezo wa kukata watu. Tarehe 10 Juni 2009 Baraza la Katiba likakifuta kipengele hicho: uhuru wa mawasiliano, likasema, hauwezi kupokonywa na ofisi ya utawala, na mtu hawezi kudhaniwa mkosaji. Wakairudisha miezi michache baadaye, safari hii hakimu akiwemo. Juni 2013 mtu mmoja akahukumiwa faini ya euro 600 na kukatwa siku 15. Mwezi uliofuata Serikali ikaiondoa adhabu ya kukata. Miaka yote hiyo, hukumu moja ya kukata. Na gharama? Kwa takriban miaka kumi mamlaka hiyo ilitumia karibu euro milioni 82 za umma, na faini zilizotozwa zilikuwa kama euro 87,000. Hesabu hiyo sihitaji kuieleza kwa mtu aliyewahi kungoja mirabaha.

Uingereza nayo ilipitisha sheria Aprili 2010 yenye hatua za kupunguza kasi au kusimamisha huduma ya watuhumiwa. Hatua hizo hazikutekelezwa hata siku moja.

Msanii anaondoka na nini mkononi?

Njia ya kukata inamwacha msanii mikono mitupu. Mtu akikatwa, wimbo wako bado uko pale alipoupata, na wengine wanaendelea kuupakua. Hakuna shilingi inayotoka kwake kuja kwako, na wala hatakuwa mteja wako, kwa sababu huwezi kumuuzia wimbo mtandaoni mtu uliyemtoa mtandaoni.

Njia ya kuondoa, nikiri, nayo haikuletei pesa moja kwa moja. Inachofanya ni kuzuia pesa zisiende kwa mwingine. Kwenye YouTube kuna mfumo wa Content ID unaomwezesha mwenye kazi, mara nyingi kupitia msambazaji wake, kuchagua video iliyotumia kazi yake ifungwe au ibaki na mapato ya matangazo yawe yake. Wengi wetu huchagua mapato, na nadhani ni busara. Anayeucheza wimbo wako bila ruhusa anakuwa anakutangazia.

Kilichobadilisha mfuko wa mwanamuziki wa Kenya zaidi ya adhabu yoyote ni sheria ya mgawanyo. Marekebisho ya 2022 yaliweka kwamba katika nyimbo za miito ya simu, zile anazozisikia anayekupigia, msanii apate asilimia 52 ya mapato. Hiyo ndiyo aina ya vita ninayotamani ukumbi wetu uipigie makofi.

Kuondoa nako kuna kasoro

Sitaificha. Wimbo wa kwaya yetu niliuandikia notisi, ukaondolewa, na baada ya wiki mbili ukarudi kwa jina jingine. Nikaandika tena. Ukarudi tena. Kila mara ni kuandaa ushahidi upya, na kwa msanii wa mtaani hata kumlipa wakili wa kushuhudia hati ya kiapo ni mzigo. Pia notisi za namna hii zinaweza kutumiwa vibaya, kwa mfano mwanasiasa kuondoa video inayomkosoa akidai ni mali yake. Adhabu ya notisi ya uongo ipo, lakini inafaa tu ikitumika. Wapo wanaotaka vifungu hivi vifutwe kabisa. Mwaka 2021 mbunge Peter Kaluma alileta mswada wa kufuta 35B, 35C na 35D, na haukupita. Kwa maoni yangu ni afadhali kuvirekebisha. Tukivifuta tutabaki na hasira, na hasira ndiyo inayotupeleka kwenye kukata watu.

Kifungu kimoja kinanipa wasiwasi hata hivyo. 35C kinaruhusu wachunguzi kuomba utambulisho wa wateja kwa watoa huduma. Ningependa maombi hayo yapitie kwa hakimu kila mara. Orodha ya majina ndiyo mlango ambao njia ya kukata inaweza kuingilia kesho.

Kuhusu kufunga tovuti: MultiChoice Kenya iliwashtaki Safaricom na Jamii Telecommunications, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamuru tovuti zilizokuwa zikirusha michezo bila kibali zifungwe. Nguvu ya njia hii ni kwamba hakimu yupo na mtumiaji haguswi. Hatari yake ni wavu mpana. Italia kuna mfumo wa haraka unaofunga anwani ndani ya dakika 30, na Oktoba 2024 ulifunga kwa makosa sehemu ya Google Drive, na watu wakashindwa kufikia faili zao. Inafaa kwa tovuti ambazo biashara yao yote ni wizi. Kwa wimbo mmoja ulioibwa ni kuua mbu kwa rungu.

Na faini: New Zealand waliporudi 2011 waliweka maonyo matatu, kisha baraza la kuamua, na faini ya hadi dola 15,000 za huko. Mwenye kazi alilipa dola 25 kwa kila notisi. Uwezo wa kukata uliandikwa ndani ya sheria lakini haukuwashwa. Mtu wa kwanza, Januari 2013, alitozwa dola 616.57, na kati ya nyimbo zilizomponza ulikuwemo wa Rihanna, kama kule Ufaransa. Ni bora kuliko kukata, kwa kuwa mtu anasikilizwa. Ila anayebeba lawama bado ni mwenye akaunti, yaani mimi na ploti yangu.

Nitakavyochagua

Kama kazi yako imewekwa mahali panapojulikana, iondoe kwa notisi, au dai mapato yake. Kama ni tovuti nzima ya wizi, na mna uwezo kama chama, nendeni mahakamani. Kama ni mtu anayeuza kazi yako kwa flashi dukani, huyo anajulikana kwa sura na anuani ya duka. Peleka malalamiko kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Kwa kijana anayepakua wimbo kwenye simu, sijaona popote duniani ambako kumkata kulimnufaisha msanii.

Kwenye karatasi ya maoni nitaandika mambo manne: adhabu ya kukata intaneti isiingizwe katika sheria yetu kwa jina lolote, hati ya kiapo ya notisi ishuhudiwe bure katika ofisi za KECOBO, kazi iliyokwisha kuondolewa ikirudi notisi ile ile itoshe, na jina la mteja lisitolewe bila amri ya mahakama.

Dada yangu wa kwaya ameniambia atakuja Alhamisi tuisome pamoja kabla hajatia sahihi. Nimemwomba aje na ile rekodi yetu ya kwanza, kanda yenye tarehe na majina yote nane yaliyoandikwa kwa mkono. Notisi ya tatu ya ule wimbo inaihitaji.